Kilwa Kisiwani au Songo Mnara? Una siku moja tu ya kuvuka

Tuseme umefika Kilwa Masoko jana jioni kwa basi la kutoka Dar es Salaam, safari ya saa tano au sita barabara ikiwa nzuri, na keshokutwa unatakiwa kazini. Siku ya kuingia baharini ni moja. Mbele yako kuna visiwa viwili vya magofu ambavyo UNESCO iliviingiza pamoja kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, kwa jina moja: Magofu ya Kilwa Kisiwani na Magofu ya Songo Mnara. Kwa sababu jina ni moja na msimamizi ni mmoja (siku hizi TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, zamani Idara ya Mambo ya Kale), watu wengi hudhani na safari yake ni moja. Siyo. Ni safari mbili zinazotofautiana kwa umbali, kwa gharama, kwa jasho, na kwa kile utakachokiona.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Anayekwenda mara ya kwanza aende Kisiwani, akae huko kutwa, asiharakishwe na mtu. Aliyekwisha kuiona Kisiwani, au anayevutiwa na nyumba za watu kuliko majumba ya masultani, aende Songo Mnara, ila ahakikishe kwanza maji ya siku hiyo yanamkubali. Hilo la maji ndilo wageni wengi hawaliulizi, na ndilo linaloamua mambo kuliko pesa.

Umbali

Kisiwani unakiona ukiwa umesimama gatini Masoko. Mlango wa bahari unaokutenganisha nacho ni kama kilomita 2. Boti ya injini inavuka kwa robo saa au dakika ishirini. Mashua ya tanga inategemea upepo umeamkaje. Wenyeji wanavuka kila siku kwenda sokoni, hospitali na ofisini, kwa hiyo vyombo vipo. Ukipanda chombo cha abiria pamoja nao unalipa nauli kama wao, lakini utangoja kijae, na kurudi utarudi kinaporudi. Ukikodi boti, nahodha anakungoja wewe.

Songo Mnara iko kusini zaidi, kama kilomita 18 kutoka Kisiwani. Kwa boti ya injini hesabu saa moja na nusu hadi mbili kwenda, na kiasi hicho hicho kurudi. Maana yake saa tatu hadi nne za mchana wako zinaishia majini, kwenye jua, umekaa juu ya ubao. Kwa wengine hiyo ndiyo raha yenyewe: mikoko pande zote, ndege wa pwani, ngalawa za wavuvi, visiwa kama Sanje ya Kati vikikupita pembeni. Sehemu kubwa ya njia imekingwa na visiwa, lakini kusi, upepo wa kusini, ikivuma kwa nguvu, hasa Juni hadi Agosti, ujue unakwenda kuikabili uso kwa uso na maji ya chumvi yatakurukia hadi ufike. Wakati wa kaskazi, upepo wa kaskazini, mambo yanageuka: unakwenda kwa raha, unalowa wakati wa kurudi. Simu na kamera ziwe kwenye mfuko wa nailoni msimu wowote.

Maji ndiyo yanayopanga ratiba

Pwani yetu ina maji yanayopanda na kushuka zaidi ya meta 3 siku za bamvua, yaani maji makubwa. Kwa Kisiwani hilo si jambo kubwa. Maji yakiwa yamekupwa utashuka mbali kidogo na ufuko, utakunja suruali au kupandisha khanga, utatembea majini hatua kadhaa mpaka mchangani mbele ya ngome iitwayo Gereza, basi.

Kwa Songo Mnara jambo hilo linaweza kukuharibia siku nzima. Kisiwa kimezungukwa na mikoko, na boti inahitaji maji ya kutosha ili ikusogeze karibu na njia ya kwenda kwenye magofu. Maji yakikauka, boti inatia nanga mbali, nanyi mnashuka na kutembea kwenye tope la mikokoni, mguu ukizama mpaka kwenye muundi, mizizi ikichoma nyayo. Kijana mwenye viatu vya kufunga atacheka na kupita. Mzee wa miaka sabini, au mama aliyebeba mtoto, hatacheka.

Kwa hiyo kabla hujalipa chochote, angalia mwezi. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, na katika pwani hii bamvua ina desturi yake: maji hujaa kama saa kumi, alfajiri na alasiri, na hukupwa kama saa nne, asubuhi na usiku. Ona ubaya wake. Ukiondoka Masoko saa mbili asubuhi siku ya bamvua, unafika Songo Mnara wakati ule ule maji yamekauka kabisa. Kila siku inayofuata maji huchelewa kama dakika hamsini, kwa hiyo siku mbili tatu baada ya mwezi mpevu, kupwa kwa maji kunaangukia mchana katikati: utashuka vizuri asubuhi, halafu utakaa kungoja maji yarudi ndipo boti ielee.

Siku nzuri ni zile tatu nne kabla ya mwezi mpevu au mwandamo. Hapo maji yanajaa kati ya saa saba na saa nane mchana. Unaondoka asubuhi maji yakipanda, unashuka karibu, unatembea magofu kwa nafasi, na unaporudi kwenye boti maji yako juu bado. Anayefuata kalenda ya Kiislamu hana haja ya jedwali la maji: tarehe 10 hadi 12 za mwezi, au 25 hadi 27, ziko salama. Siku za maji mafu nazo hazina matatizo makubwa, kwa kuwa maji hayapandi sana wala hayashuki sana. Hata hivyo, swali la kumuuliza nahodha jioni ya kuamkia safari ni lile lile: "Nahodha, kesho maji yanajaa saa ngapi, na tutashukia wapi?" Akijibu la kwanza bila kusita na la pili kwa kukuelekeza kwa kidole, umempata mtu wa kazi.

Kisiwani: mji wa watawala

Kisiwani inakuonyesha ukubwa. Huu ndio mji uliosimamia biashara ya dhahabu iliyotoka Sofala, katika Msumbiji ya leo, ukapiga sarafu zake wenyewe za shaba, na msafiri Ibn Battuta alipoutembelea mwaka 1331 akauhesabu miongoni mwa miji mizuri kupita yote na iliyojengwa vyema. Sarafu ya sultani aliyemkuta, al-Hasan ibn Sulaiman, ilichimbuliwa mpaka Great Zimbabwe. Na mwaka 1944 sarafu nyingine za Kilwa ziliokotwa kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, jambo ambalo wanahistoria wanabishania mpaka leo zilifikaje.

Ukishuka, cha kwanza ni Gereza. Wareno chini ya Francisco de Almeida waliuteka mji mwaka 1505 wakajenga ngome, wakaondoka mwaka 1512. Karne ya 19 Waomani wakajenga yao juu ya mabaki hayo, na hiyo ndiyo unayoiona, upande mmoja ukiwa umeliwa na mawimbi. Watu hupigia picha hapa kupita mahali pengine popote. Mimi ningekushauri usitumie muda mwingi. Ndiyo jengo la mwisho kabisa kwa umri na la kawaida kuliko mengine. Piga picha, usogee.

Muda wako uweke Msikiti Mkuu. Sehemu ya kaskazini ni ya karne ya 11, ndogo, imebaki bila paa. Sehemu ya kusini iliongezwa karne ya 14 na al-Hasan ibn Sulaiman huyo huyo, ikaanguka, ikajengwa upya karne ya 15, na hiyo ndiyo yenye safu za nguzo za pembe nane zinazobeba matao na kuba. Kwa karne nyingi hakukuwa na msikiti wenye paa la namna hii mkubwa kuliko huu katika Afrika Mashariki. Simama kati ya nguzo mbili uangalie moja kwa moja kuelekea kibla: matao yanapangana mpaka mwisho, na mwanga unaingia kwa vipande vipande kutoka pale ambapo kuba zimetoboka. Kisha nenda nje penye matangi ya kutawadhia. Utakuta mawe ya duara yaliyolazwa pale kwa kusugulia miguu kabla ya kuingia, na uso wa mawe hayo umelainika kwa nyayo za watu. Kwangu hicho ndicho kitu kizuri kuliko vyote Kisiwani, na kiongoza wageni asiyekuonyesha mdai.

Karibu na hapo kuna msikiti mdogo wenye kuba, wa karne ya 15, uliohifadhika vizuri kuliko majengo mengi ya mji huu. Darini mwake walipachika bakuli za kauri kama mapambo. Baadhi zimetoka na kuacha mashimo ya mviringo, na mashimo yenyewe yanakueleza kazi ilivyofanyika: bakuli liliingizwa chokaa ikiwa mbichi. Makutani, boma la kuta ndefu la masultani wa karne za baadaye, linapendeza kwa upana wake, lakini kama jua limekuwa kali unaweza kuliangalia ukiwa unapita.

Halafu Husuni Kubwa. Usirudi Masoko bila kuiona. Iko mbali na mji, upande wa mashariki, juu ya jabali linalotazama bahari. Unaweza kwenda kwa miguu kupitia kijijini na mashambani, au maji yakiwa juu umwambie nahodha akuzungushe ukapande kwa upande wa baharini. Ni jumba la vyumba zaidi ya mia, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14, na wachimbuaji wanaamini halikumalizwa na halikukaliwa muda mrefu. Kuna ua wa chini uliozungukwa na ngazi za kukalia, kuna ua mkubwa wa kusini uliozungukwa na vyumba vinavyodhaniwa kuwa maghala, na kuna birika la pembe nane la kuogea, limekauka, liko wazi kwa jua, likitazamana na bahari ambayo ingeweza kumwogesha sultani bure. Nyuma ya korongo kuna Husuni Ndogo, kuta za mstatili zenye minara ambazo wataalamu hawajakubaliana zilikuwa za nini. Hapo tena ni kwa mpenda mafumbo.

Mzunguko wote huu, ukijumlisha Husuni, unataka saa nne kwa mwendo wa kibinadamu. Kisiwani ni kijiji kinachoishi pia: kuna shule, watoto, kuku, wavuvi wanaotengeneza nyavu. Salimia. Wazee uwape shikamoo yao. Wanawake wawe na khanga ya kujifunika, na wanaume waache kaptura kwa siku hiyo, maana unapita kwenye misikiti na makaburi ambayo hayajawa maonyesho tu. Yapo ambayo watu bado wanayaombea dua.

Songo Mnara: mji wa nyumba

Hapa hadithi inabadilika. Songo Mnara ulijengwa mwishoni mwa karne ya 14, Kilwa ikiwa na nguvu zake, na ukahamwa mapema karne ya 16. Haukukaa hata miaka mia mbili. Kwa hiyo haukujengwa juu ya mji mwingine wala haukujengewa mwingine juu yake. Kisiwani unatazama karne nane zilizolaliana: mtu wa karne ya 18 amechukua mawe ya karne ya 15 akajengea ukuta wake. Songo Mnara unatazama mtaa mmoja wa wakati mmoja, kama ulivyopangwa.

Ndiyo maana wanaopenda majengo huondoka huko wakiwa wametosheka zaidi. Kuna zaidi ya nyumba arobaini za mawe, misikiti sita, makaburi, ukuta wa mji, na uwanja mpana ulioachwa wazi katikati. Nyumba ndizo habari yenyewe. Unaingia kwenye ua ulio chini kidogo ya usawa wa ardhi, wenye ngazi pembeni ambazo mtu aliweza kukalia na kupokea wageni. Kutoka hapo unapita chumba baada ya chumba kwenda ndani, kila kimoja kirefu na chembamba. Ukijiuliza kwa nini tajiri mwenye mawe ya kutosha alijibana hivyo, inua kichwa: paa lilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ina urefu wake. Upana wa chumba uliamuliwa msituni kabla fundi hajashika mwiko.

Tazama pia milango. Mawe ya fremu ni matumbawe yaliyokatwa baharini yangali laini, yakachongwa kwa unadhifu, yakagumu baadaye. Kuta zenyewe ni mawe ya kawaida ya pwani na chokaa. Fundi alitumia jiwe zuri pale macho yatakapotua, na jiwe la kawaida pale litakapopigwa lipu. Ukutani kuna vidaka vya kuwekea vyombo na taa, na mahali pengine lipu imebaki safi kiasi kwamba unaweza kuweka kiganja juu yake. Usiweke, lakini unaweza. Hapa na Kisiwani pia kuna lipu zilizokwaruzwa na watu wa zamani picha za vyombo vya baharini. Mwombe mwenyeji wako akuonyeshe, kwa sababu usipojua pa kuangalia utapita.

Kuanzia mwaka 2009 wanaakiolojia Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher waliongoza uchimbuaji hapa, na walichofanya ni kuangalia maisha ya ndani na ya uwanjani badala ya kuta peke yake: wapi watu walipika, wapi walisokota nyuzi, wapi walipita. Walikuta pia kundi kubwa la sarafu za shaba zilizofukiwa pamoja. Ukiwa umesoma hayo, hata kidogo, Songo Mnara inakuwa mji. Ukiwa hujasoma na mwenyeji wako si mzungumzaji, utaona kuta nzuri kwenye kichaka na mibuyu, na baada ya saa moja utauliza boti iko wapi. Huo ndio udhaifu wake mkubwa. Kisiwani Msikiti Mkuu unajieleza wenyewe hata kwa mtoto wa darasa la pili; Songo Mnara inataka mtu wa kukueleza.

Magofu yamekusanyika mahali pamoja, kwa hiyo saa mbili zinatosha, na kutembea kwenyewe ni kidogo kuliko Kisiwani. Kinachochosha ni bahari na mikoko. Watalii ni wachache sana. Kuna siku mtakuwa peke yenu na nahodha wenu. Huko magofuni hakuna duka, hakuna madafu ya kununua, hakuna kivuli isipokuwa cha miti. Maji ya kunywa chukua lita mbili kwa kila kichwa, na chakula kifungwe Masoko: chapati, samaki wa kukaanga, ndizi, kinachokaa bila kuharibika.

Pesa

Utaratibu wa kibali ni ule ule kwa visiwa vyote viwili. Unalipia Masoko kabla ya kuvuka, unapewa namba ya malipo ya serikali, unalipa kwa simu au benki, unatoka na risiti. Mtanzania analipa kiingilio kidogo mno ukilinganisha na mgeni wa nje, kwa hiyo kitambulisho cha NIDA kisisahaulike hotelini. Juu yake kuna malipo ya mtu wa kukutembeza, na hilo usilikwepe.

Tofauti iko kwenye boti. Ya Kisiwani hata mtu mmoja anaweza kuimudu, na akibanwa apande na abiria wengine. Ya Songo Mnara inakunywa petroli kwa saa tatu au nne, na nahodha anakodisha boti nzima, si kiti. Mtu mmoja ataumia. Sita au wanane watagawana na kila mmoja atatoa kiasi cha kawaida. Wageni wa hoteli za Masoko wana mazoea ya kuulizana jioni nani anakwenda wapi kesho. Waulize. Na bei mkubaliane kabla ya kupanda: mafuta ndani, kungoja ndani, jaketi okozi kwa kila abiria na ulione kwa macho yako. Ukiambiwa "yapo kule mbele", ngoja mpaka yaletwe nyuma.

Nani aende wapi

Familia yenye watoto wadogo: Kisiwani, bila mjadala. Mwendo wa majini ni mfupi, kuna nafasi ya kukimbia, na mtoto akichoka mnarudi. Wanafunzi wa shule vilevile, maana nusu ya mada ya biashara ya pwani wanayosoma darasani iko pale imesimama: dhahabu, Waajemi wa simulizi ya Ali ibn al-Hasan anayedaiwa kukinunua kisiwa kwa nguo, Wareno, Waomani. Mwalimu hahitaji kuchora.

Mzee mwenye magoti mabovu aende Kisiwani, aishie Msikiti Mkuu na majirani zake, halafu Husuni aizungukie kwa boti badala ya miguu. Aitazame kutoka majini kama hawezi kupanda jabali. Songo Mnara kwake iwe siku maji yamejaa tu.

Mpiga picha ana kazi ya kuchagua. Mwanga mzuri wa asubuhi mapema na wa jioni ataupata Kisiwani peke yake, kwa kuwa Songo Mnara utafika jua limeshapanda na utaondoka halijashuka. Lakini Songo Mnara ina ukuta usio na mtu mbele yake.

Mwanafunzi wa usanifu majengo, mhandisi, fundi uashi, na yeyote anayejenga nyumba pwani: Songo Mnara. Atajifunza kitu kuhusu hewa, kivuli na faragha.

Na vyote viwili kwa siku moja? Inawezekana kwa boti yenye injini ya nguvu na maji yanayokubali. Utaanza Songo Mnara alfajiri, kisha Kisiwani wakati wa kurudi. Nimeona wanavyorudi waliofanya hivyo: wameungua pua, wanachanganya msikiti wa huku na wa kule, na Husuni Kubwa wameikosa kwa sababu jua lilikuwa linazama. Ukiweza kuongeza usiku mmoja Masoko, ongeza. Siku ya kwanza Kisiwani, ya pili Songo Mnara, kwa mpangilio huo, kwa sababu ukianza na nyumba hutajua ni utajiri wa nani uliozijenga.

Wapo wanaouliza kuhusu Kua, magofu ya kisiwa cha Juani kule Mafia, kama mbadala wa tatu. Ni pazuri, mikoko imeingia mpaka karibu na kuta, lakini si safari ya siku moja ukitokea Dar wala Kilwa: ni kivuko kutoka Nyamisati mpaka Kilindoni, kisha gari, kisha mashua. Liweke kwenye safari ya Mafia, usilichanganye na hili.

Machi hadi Mei mvua ikiwa kubwa, fikiria upya hata safari ya basi. Mei 2024 barabara ya Lindi ilikatika maeneo ya Somanga na watu wakakwama pande zote mbili. Ukishafika Kilwa na bahari ikachafuka, Kisiwani huwa inavukika siku ambazo Songo Mnara haifikiki. Nahodha akikuambia leo Songo hapana, usimwongezee pesa ili abadili mawazo. Mwambie akupeleke Kisiwani, na kama hata huko kumeshindikana, panda gari hadi Kilwa Kivinje, ukaone nyumba za karne ya 19 na wakati wa Wajerumani, ule samaki gengeni, urudi Masoko kabla ya magharibi kuuliza maji ya kesho yanajaa saa ngapi.